Hadi Ijumaa

Saa moja unusu asubuhi, Jumanne, Julai.
Nimepokea wodi: wagonjwa arubaini na mmoja,
vitanda thelathini na viwili, wauguzi watatu,
na fomu moja isiyo na sahihi.

Kitanda cha kumi na tisa. Bi. Syombua wa Kaloleni,
fundi cherehani, miaka sitini na minne.
Sukari ilimla kidole, kisha cha pili,
sasa inapanda mguu wa kulia
kama mafuta kwenye utambi.

Daktari Chelimo yuko mlangoni, kofia ya upasuaji kichwani:
"Sista, zamu yake ni saa tatu.
Mwanawe huyu hapa. Aweke sahihi, twende."
Na Mutinda, koti la ulinzi limelowa manyunyu,
kalamu ameshaifungua.

Nikasema: mwenye mguu yuko macho.

Sikupaza sauti. Lakini wodi ina masikio,
hata vijiko vilinyamaza kwenye vikombe vya uji.
Nekesa, muuguzi mpya, akanivuta kiwiko:
"Sista Kerubo, mwaka jana ulibisha hivihivi,
ukapangiwa usiku miezi mitatu."
Najua. Niliihesabu mimi.

Haki za mgonjwa zimebandikwa ukutani,
nyuma ya kabati la mashuka.
Nikavuta kiti. Fomu ni ya Kiingereza;
nikaisoma kwa Kiswahili, polepole,
na neno liliponishinda nikamshika chini ya goti,
nikasema: hapa. Watakata hapa.

Akauliza yale ambayo fomu haina nafasi yake.
Mguu unapelekwa wapi?
Unafungwa kwa sanda, au kwa gazeti?
Na cherehani yangu ni ya kukanyaga,
huu ndio unaokanyaga. Wa kushoto ni mvivu,
tangu uzaliwe haujashona hata pindo.

"Mama, utakufa kwa ajili ya sare za watu?"
"Sare kumi na moja," akamsahihisha mwanawe.
"Sita hazina mikono. Wenyewe wamelipa nusu.
Nipeni hadi Ijumaa."

Tukatoka, mimi na daktari,
tukabishana kando ya mitungi ya oksijeni.
Si mtu mbaya. Nimemwona saa nane za usiku
akimtolea damu yake mtoto asiyemjua.
Aliogopa kile ninachokiogopa mimi:
homa, harufu, Alhamisi.
"Na akifa?"
"Jina langu litakuwa kwenye faili."
Akatazama dirishani, korongo wawili juu ya mgunga,
wamejikunyata kama wazee wa bodi.
"Andika na langu," akasema, kwa hasira.
"Dawa ya mshipa kila saa sita. Na mstari.
Wekundu ukivuka mstari, hatungoji Ijumaa."

Nikaja na kalamu. Bi. Syombua akaikataa.
Akapekua chini ya mto, akatoa chaki ya fundi,
kipande chembamba kama ukucha.
"Miaka arubaini sijakata kitambaa bila kuchora."
Akajipinda, akauzungusha mstari mguuni mwake,
mkono hautetemeki,
akaacha nafasi ya vidole vitatu,
kama mtu anayemwachia mtoto upindo wa kukulia.
Ndipo nikaupitia kwa wino, kwa ruhusa yake.

"Ukivuka," nikamwambia, "nitakuja na fomu."
"Ukivuka, nitaisaini. Lakini uniamshe mimi,
usimwamshe Mutinda."

Mutinda alirudi saa kumi na uzi wa buluu.
Haukuwa buluu ile. Akatumwa tena.

Sasa ni Jumatano usiku, nimebaki ingawa zamu yangu imeisha.
Napiga tochi, naipima nafasi kwa vidole vyangu.
Jana vitatu. Leo viwili, au viwili kasoro;
vidole vyangu si rula.
Fomu imo mfukoni, imeanza kuchakaa kwenye mikunjo.
Mikono saba imekwisha, imepangwa juu ya blanketi.
Nasogea karibu nione vizuri,
na kutoka kwenye kile nilichodhani ni usingizi:
"Sista. Usiukanyage uzi."