Kipande cha Baba

Baba alikata mkonge Kigombe.
Kipande chake ninacho hadi leo
ndani ya kitabu changu cha sala, kwenye kurasa za maziko:
karatasi ngumu, rangi ya chai iliyomwagika,
visanduku thelathini.
Ishirini na tisa vina alama ya nyapara.
Kimoja ni cheupe,
siku ile homa ilipomlaza sakafuni
na mama akamfunika magunia mawili na kanga.

Kwa kisanduku kimoja, mshahara wote ukasubiri.
Tulikula mihogo kwa chumvi.
Sisi watoto tulijifunza kuhesabu mapema.

Basi usinishangae, Bwana,
nikikujia vidole vimekunjwa.
Nilibatizwa Magila kwa maji baridi ya Julai,
nikapata kipaimara, nikaimba sauti ya nne
miaka arobaini na mmoja,
na bado usiku, paka wa Ngamiani wakigombana juu ya mabati,
nafungua daftari kichwani:
Jumatatu nilimfokea Merabu aliyeniletea maji ya kuoga.
Jumanne nilisali kwa mdomo, moyo uko kwenye bei ya machungwa.
Jumatano sikumbuki,
na hilo ndilo linaloniogopesha.
Nani atatia alama?
Nani atasema, mzee huyu kajaza?

Padri Semkiwa aliniambia, "Amini tu, Yustasi,"
akapanda pikipiki yake akaenda zake.
Tu!
Kineno kifupi hivyo, na kupanda kwake ni mlima.

Kisha ikaja ile asubuhi ya upasuaji, Bombo.
Wakanivua saa, miwani, pete, meno ya bandia.
Nikalala kama nilivyozaliwa,
ganzi imepanda, nisiweze hata kukunja kidole.
Nikatafuta sala, zikanikimbia zote;
hata ile ya utotoni ilikatikia kwenye mkate.
Sikuona nuru. Sikusikia sauti.
Nilijua tu
(kumbe kineno kile kina mlango)
kwamba nimebebwa,
kama mtoto aliyesinzia mgongoni:
si yeye aliyefunga mbeleko,
hajui hata fundo liko wapi,
na haanguki.

Nimerudi nyumbani na mshono unaowasha.
Nimekitoa kipande, nimekiweka dirishani.
Kisanduku kile bado ni cheupe.
Hukughushi, Bwana. Hukumwonga nyapara.
Ila sasa nakuona kwenye foleni ya mshahara,
viganja vimechanwa na miiba,
una kipande chako kilichojaa,
siku zote, mpaka ile Ijumaa,
unakisukuma mbele ya karani
na kumwambia: "Andika jina la huyu."
Na huyu ni mimi, niliyechelewa, ninayenuka dawa.

Paka bado wanagombana.
Daftari nalo hufunguka lenyewe, mazoea yana taabu.
Nahesabu Jumatatu. Nahesabu Jumanne.
Nikifika Jumatano
usingizi umeshanichukua.