Dirisha la Nne

Mfasiri wa Ruwi hana P katika herufi zake,
basi tangu Jumatatu mimi ni Mwanabili,
mzaliwa wa Bemba.
Riyali kumi na mbili, na risiti juu.

Karani anapekua faili:
cheti cha ndoa, muhuri umeukalia muhuri,
majibu ya damu, picha mbili nyuma peupe,
nakala ya pasi ya mume.
"Huyu wa pasipoti na huyu wa tafsiri,
nani ataapa kuwa ni mmoja?"

Ghasani anakohoa.
Miaka saba mto mmoja,
na leo analisoma jina langu
kama bili ya umeme.
Mwana wa bili, kweli.

Turudi Jumapili.

Nyumbani Al Khoud mama mkwe yuko jikoni,
Kiswahili chake cha utotoni Unguja
kimechakaa kingo, hakijatoboka:
"Mwanapili! Njoo uonje chumvi."

Nasimama mlangoni, faili kifuani.
P na B, kinachozitenga ni pumzi tu.
Naweka kiganja mbele ya mdomo,
najiita polepole,
kiganja kinapata joto.

Chumvi imezidi.
Namwambia iko sawa.