Nukta ya Kwanza

Kidude hiki nilikinunua Tanga mjini, Barabara ya Nane,
kwa mpima ardhi mstaafu. Kioo kimechubuka,
mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Akaniambia neno moja tu, huku akihesabu hela:
"Kabla hujaenda popote,
bonyeza kwanza mahali unapotaka kurudi."

Nikabonyeza nyumbani, Kwamsisi, Handeni,
kwenye kizingiti cha jikoni.
Mwajabu ananitazama, mwiko mkononi:
"Unalipiga picha jiko langu?"
Nikaandika herufi nne: JIKO.

Nguruwe pori walikuwa wamemaliza mistari tisa ya mahindi,
wakatuachia magunzi na matusi ya kwato.
Kibali tulikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya soksi.
Gobore lilikuwa la Mntangi; mshale ulikuwa wangu.
Mshale, ndiyo. Mdogo, mweusi, ndani ya kioo,
hauna manyoya, hauna sumu,
unahangaika kama pua ya mbwa
kisha unatulia na kusema: kule.

Kule kwa njia ya nani? Ya kunguru labda.
Ilinyooka kama uzi wa mwashi,
ikatupitisha kwenye upupu, ikatutumbukiza korongoni,
ikatutoa ng'ambo ya kijito na viatu vitatu kati yetu.
Mntangi akacheka mpaka akakaa chini:
"Chombo chako kinaijua dunia, miguu hakiijui."

Jioni akapiga. Mlio, moshi, kimya,
kisha kitu kizito kikivunja vichaka.
Mnyama uliyemjeruhi ni deni, hulali nalo.
Tukafuata damu:
tone kwenye jani la mtopetope,
tone juu ya kichuguu,
mfuto mwekundu kwenye jiwe alipojiegemeza,
na kila tone nikalibonyeza,
nukta, nukta, nukta,
tusije tukaipoteza njia giza likituzidi.

Likatuzidi.
Chini ya miyombo kidude kikapofuka,
kikasema kinatafuta mbingu.
Nikazitoa betri, nikazing'ata moja moja kwa magego
kama tulivyokuwa tukizing'ata za redio ya baba
dakika mbili kabla ya mpira,
nikazirudisha. Kikafumbua jicho.

Hapo ndipo nilipoona.
Nukta ishirini na tatu zimejipanga kiooni.
Nilidhani anatukimbia.
Alikuwa anatuzungusha, mbali, mbali kabisa,
kama mtu anayepita mtaa wa nyuma
wadai wasiijue nyumba yake,
kisha akapinda,
na mstari wake ukanyooka, kuliko wangu wa asubuhi,
kurudi karibu na pale alipopigwa.
Yeye hakuna aliyemwambia abonyeze.

Tulimkuta ndani ya kichaka cha miiba,
juu ya nyasi alizozikata na kuzitandika mwenyewe,
ameanza kupoa,
na watoto wanne, wana michirizi mgongoni kama mbegu za tikiti,
wananyonya bado.

Mntangi akalishusha gobore.
Wiki nzima alikuwa ameapa kwa mahindi yake.
Akavua kofia, akaitazama ndani,
akaivaa tena.
Mahindi ni mahindi, na njaa ya kiangazi haisikilizi kesi ya mtu;
hayo nayajua, niliyasema mwenyewe
mbele ya mwenyekiti wa kijiji, tena kwa sauti.
Lakini usiku ule nilikosa pa kuiweka sauti hiyo.
Mmoja wa wale wanne alipiga chafya.

Nikakiinua kidude ili niondoke.
JIKO, kikasema,
kilomita tatu na mita mia nne,
na mshale ukazunguka taratibu, taratibu,
ukasimama umeelekea kifuani pangu,
kwa kuwa nilikuwa nimelipa jiko mgongo.