Waya wa Pili

Kibuyu kilifika Jumanne kimepasuka.
Shangazi Sechelela alikituma kutoka Mvumi
ndani ya ndoo, kimeviringishwa kanga tatu,
na bado barabara ilikifanyia ilivyotaka.
"Pole, dada," alisema kondakta, "kilikaa chini ya mizigo."
Nilikipokea stendi ya Mbezi, vipande vinne,
nikavibeba hadi Mbagala
kama mtu anayerudi na nguo za marehemu.

Baba hakusema kitu. Alivikusanya, akavinusa.
Vilikuwa bado na vumbi la kule,
vumbi jekundu lisilojua chumvi.

Huku kwetu Kizuiani vibuyu havikomai.
Tumepanda miaka kumi na tisa juu ya paa la choo
mbegu alizokuja nazo babu Chiwanga kwa treni,
zimefungwa kwenye pindo la shuka,
mwaka alipokuja kubeba magunia bandarini.
Mmea hutambaa, huchanua maua meupe usiku,
majirani husifu.
Kisha kibuyu kinanenepa, kinalainika,
kinaota ukungu tumboni kabla hakijajifunza kukauka.
"Joto lenu lina maji," babu alikuwa akituambia,
kana kwamba sisi ndio tuliopika hewa ya Dar.

Kwa hiyo zeze letu lina umri wa kuokoteza:
mpini ni wa babu, unang'aa pale kidole gumba chake kilipozoea kulala.
Nyaya baba alizichambua kutoka breki ya baiskeli,
baiskeli yenyewe iliibiwa, breki ikabaki.
Katani ya uta niliomba kwa fundi magodoro.
Na tumbo, tumbo hubadilika
kama mpangaji.

Babu aliwapigia makuli wenzake siku ya mshahara.
Baba alipiga harusini, hadi harusi zikaacha kumwita,
akabaki kulipigia lindo lake la usiku,
ghala la saruji Chang'ombe,
ambako wezi, anadai, walisubiri kwanza amalize.

Mimi nilikatazwa.
Mwanamke wa Kigogo, alisema mama,
ngoma anaibana katikati ya magoti;
hiyo haikutoshi?
Nikajifunza mchana baba akiwa amelala,
vidole juu ya waya bila kuugusa,
wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, kimya.
Sijawahi kupiga vizuri kama nilivyopiga kimya.

Sasa mwanangu Nyemo, miaka kumi na mmoja,
anayetambua singeli kwa spika ya nyumba inakotoka,
alichukua kopo la rangi la lita nne,
akalitoboa kwa msumari,
akachomeka mpini wa babu.
Hakuomba ruhusa kwa mtu.
Nilimsikia nikiwa nachambua mchicha:
sauti ya bati, kali, kama mbu aliyesoma.
Halafu, ndani ya bati hilo,
wimbo wa kupalilia uwele,
ambao hakuna mtu wa nyumba hii
aliyewahi kupalilia nao chochote.

Baba alikuwa mkekani, uso ukutani.
Nilingoja amwambie aliyoniambia mimi:
weka chini.
Upande wa pili wa ukuta singeli haikupungua hata kidogo,
na Nyemo hakushindana nayo,
aliudandia mdundo wake
kama mtoto anavyodandia mkokoteni unaopita,
mguu mmoja ukining'inia.

Baba akakohoa.
"Waya wa pili," aliuambia ukuta,
"umelegea. Kaza."

Nyemo akakaza.

"Bado."

Akakaza tena.

Nje, mama yangu alikuwa juu ya ngazi, kopo la maji mkononi,
akimwagilia mbegu za mwaka wa ishirini.