Kunguru Huishia Nne

Subilaga anachora juu ya kioo
cha kabati la sahani la mama yetu.
Amekilaza juu ya vigoda viwili, balbu chini,
simu juu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na kazi yangu ni kubonyeza nikiambiwa.
Rangi ameichanganya na mafuta ya alizeti isikauke.
Nje, Tukuyu inanyesha kama ilivyozoea,
bati halitupi zamu ya kuongea.

Anachora bawa. "Bonyeza."
Analifuta kwa kidole gumba, analichora tena
limeinuka kidogo, unene wa punje ya mchele.
"Bonyeza."
Picha kumi na mbili, sekunde moja.
Ya kwanza inakufa ili ya pili iruke.
Jioni tunabaki na kunguru mwenye shingo nyeupe
anayeruka kwa muda wa kupiga chafya,
na kitambaa kizito cha rangi
walimolala kunguru wote waliomtangulia.

Huyu tunamjua tangu utotoni.
Alikuwa akiiba mahindi ya babu Mwakyoma,
nasi tukimvizia kwenye kibanda cha majani ya migomba,
manati mfukoni.
Tukiingia wawili, akatoka mmoja, hashuki.
Anakaa juu ya mparachichi, kichwa upande,
kama karani wa ushirika anayedai gunia lililobaki.
Tukiingia watatu, wakatoka wawili, hashuki.
Wanne, wakatoka watatu: hashuki ng'o.
Lakini siku tulipoingia watano, wakatoka wanne,
alishuka,
mwepesi, bila wasiwasi, akaanza kumenya.
Aliyebaki ndani alikuwa Lugano.
Hakupiga. Alitoka akicheka mpaka akakaa chini:
"Kumbe shule yake iliishia darasa la nne!"

Mama hana habari na kunguru, ana kuku wake wa madoadoa.
Vifaranga tisa wakirudi nane, haingii bandani.
Anazunguka shina la mgomba, anaita,
mvua inampiga mpaka anakuwa mdogo kama ngumi.
Nani alimfundisha tisa?
Na mama mwenyewe, tangu mwaka juzi,
anapakua sahani tano.
Tunakula nne. Hakuna anayesema kitu.
Ya tano inafunikwa kwa kawa,
asubuhi kuku wanapewa.

Chunya, kwenye duara la dhahabu,
waliingia watano.

(Hapa Subilaga huniambia nizime balbu, kioo kipoe.)

Wiki ya sita tumefika hapo.
Mdomo wa shimo ameupaka masizi ya kibatari,
rangi ya dukani, amesema, haina weusi wa kutosha.
Anatoka wa kwanza. Wa pili, anakohoa.
Wa tatu.
Wa nne anageuka nyuma mara moja.
Juu ya mti kunguru anahesabu,
na elimu yake inakwisha palepale ilipokwisha zamani.
Anashuka.
Najua mwisho, tuliukubali wote wawili:
kunguru anadonoa, giza.

Lakini Subilaga hajasema "imekwisha."
Amechovya kidole kwenye rangi nyeupe,
anaweka nukta ndani ya masizi, ndogo kama chawa.
"Bonyeza."
Nukta inakuwa paji. "Bonyeza."
Paji linapata nyusi, ile moja iliyokatwa na jembe.
Nahesabu kimoyomoyo: saba, nane.
Sauti yake haitetemeki, kidole ndicho kinachotetemeka,
na kila anapomfuta
ndipo anapozidi kupanda.
Kumi. Bega.
Kumi na moja. Kunguru ameinua kichwa.

Umeme unakatika.

Tumekaa gizani. Mvua, bati.
Jikoni mama anatandaza sahani,
nazihesabu kwa masikio, kama nisiyezijua idadi.
"Umepata ngapi?" Subilaga ananong'ona.
Namwambia kumi na moja.
"Bado moja," anasema,
na kidole chake hakijatoka kwenye kioo.