Faini ya Kitabu cha Kuku

Saa nne asubuhi, maktaba ya mkoa, Mtwara.
Mvua inapiga bati mpaka Bi Somoe anatupazia sauti
ndani ya chumba alichobandika mwenyewe tangazo: KIMYA.
Mimi niko meza ya dirishani na sura yangu ya tatu,
ambayo ni ya tatu tangu mwaka juzi.

Dadi Namtema akaingia, kitabu ndani ya mfuko wa saruji.
Alikiazima akiwa baharia, anakirudisha akiwa babu.
Miaka kumi na moja.
Kitabu cha kufuga kuku.
Jalada limevimba kama andazi, kurasa zinanuka sifa:
ile ya ini la papa,
si ile tunayoihangaikia sisi waandishi.

"Faini," akasema Bi Somoe, akavuta kikokotoo.
"Piga tu, mwanangu. Nimezoea kudaiwa."
"Na kuku, ulifuga?"
"Baharini? Hata jogoo mmoja.
Nilichukua cha karibu na mlango, chombo kinang'oa nanga.
Nimekisoma mara tisa. Ukiwa na kitabu kimoja tu
kati ya Msimbati na Moroni,
utajifunza kutibu kideri, utake usitake."

Akakifunua. Pembezoni, kwa penseli,
herufi za mtu anayeandika huku sakafu ikihama:

   Pima tano, mchanga.
   Kusi kali. Tumekunja tanga.
   Leo Mfaume kalia, hakusema kwa nini.
   Maji ya ngama mpaka kifundoni.

Na hapo hapo, kwenye maandishi ya kiwanda, amepigia mstari:
vifaranga wasikae penye unyevu.

Nikamuuliza swali la mtu ambaye haandiki:
"Uliwezaje kuandika kila siku?"
"Nani kakwambia kila siku? Niliandika siku nilizoogopa."
Akafikiri.
"Zilikuwa nyingi."

Nikamweleza hadithi yangu: najua inakotaka kufika,
ila nikiielekeza huko inasimama, tanga linapigapiga.
"Upepo unatoka huko huko unakokwenda. Nenda bisho.
Elekea Msanga Mkuu kana kwamba umesusa,
kisha geuza, kana kwamba umesahau kitu Shangani.
Anayekutazama toka nchi kavu atasema huyu kapotea.
Mwache aseme.
Ila geuza ukiwa na mwendo. Ukisitasita
utabaki katikati, huku huna, kule huna."

Nikaliandika hilo. Nikalifuta. Lilikuwa lake.

Bi Somoe hakuwa nasi; alikuwa na tatizo la kikazi.
"Sasa nikiweke wapi? Nikikirudisha kwa kuku,
mwanafunzi wa kilimo ataazima, atakutana na mawimbi.
Nikikiweka kwa mambo ya bahari, wataniuliza mayai ya nini."
"Enda tezi na omo," Dadi akaanza,
"marejeo..."
"Ngamani kwangu ni rafu namba sita. Na inavuja."
Tukageuka. Kweli inavuja, ndani ya ndoo ya rangi,
tone, tone,
ubavuni mwa vitabu vya mashairi.

Nilidhani kazi hii ni jina mgongoni mwa kitabu,
ni mtu wa Dar kunipigia simu.
Sikujua yaweza kufanyika kandokando ya maneno ya mwingine,
kwenye weupe wa upana wa kidole gumba,
mtu akisema hofu yake mbele ya kuku.

Faini ikatoka: elfu arobaini na ushee.
Dadi akapekua mifuko. Elfu mbili, ufunguo, korosho tano.
Bi Somoe akachukua korosho.
Akatafuna moja, akanitazama.
"Wewe. Kadi unayo?"
"Ninayo."
"Azima, kabla sijaamua."

Muhuri ulikuwa bado na tarehe ya jana,
kwa hiyo nimeanza nikiwa nyuma siku moja.
Usiku, ukurasa wa arobaini na mbili, minyoo.
Pembeni: Leo hakuna cha kuandika.
Chini yake, mistari kumi na mitatu.