X Ni Nyekundu

Ghorofa ya pili, Mwenge, juu ya duka la vioo,
mwalimu Kokubanza anatuonyesha mihimili mitatu:
Z ya bluu, inapanda,
Y ya kijani, inaingia ndani,
X nyekundu.
Nikacheka peke yangu. Nani asiyeijua X nyekundu
aliyekulia Kimara, kando ya barabara?
Kwetu ilichorwa asubuhi, mipigo miwili ya brashi,
rangi ikachuruzika hadi kizingitini.
Baba akatoka na futikamba, akaanza kupima.

Daftari lake ninalo. Kurasa nne, penseli ya fundi:
sebule tatu na sitini kwa nne na ishirini,
jiko, chumba cha wageni, choo,
tangi la maji juu ya mnara wake wa matofali.
Alipima kwa ajili ya fidia.
Fidia ni shairi la mtu mwingine.
Mimi nimeziingiza namba zake kwenye kompyuta,
ukuta kwa ukuta, usiku, luku ikisoma uniti mbili.

Nilidhani kukuza ni kama kupuliza puto.
Nikaandika mbili, mbili, mbili, nikabonyeza.
Nyumba ikakua, ndiyo, lakini pia ikahama,
ikatoweka kwenye kioo
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.
Kokubanza akaja na kikombe chake cha tangawizi:
"Kompyuta haijui nyumba. Inajua nukta,
na umbali wa kila nukta kutoka chanzo.
Umbali huo ndio inaouzidisha.
Kilicho mbali na chanzo, ukikikuza, unakisukuma mbali zaidi.
Kilete kwanza chanzoni. Kikuze. Halafu kirudishe."

Nikatafuta pa kuweka chanzo.
Si katikati, kama alivyoshauri.
Nilikiweka pale lilipokaa jiko la mkaa la Mama,
na nyumba ikakua kulizunguka,
jiko lisisogee hata unywele.

Tangi ndilo lililonishangaza.
Mara mbili kila upande, na lita mia tano
zikawa elfu nne. Mara nane!
Baba angelijua hilo bila kalamu,
angeuliza kwanza habari za mnara:
miguu imenenepa mara nne tu,
nani atabeba zilizobaki?

Jumapili nikamwonyesha Mama, chumbani tulikopanga, Mabibo.
Akakaza macho.
"Sebule ilikuwa kubwa kuliko hiyo.
Kipaimara cha Ezekia walikaa watu ishirini, na sahani zao."
Nikampa daftari. Akalisoma, akalifunga.
"Baba yako alipima kuta. Vuta upande huu."
Basi nikaivuta X peke yake, moja nukta tatu.
Saa ya ukutani ikawa yai,
Ezekia akanenepa ndani ya fremu yake,
Mama akacheka mpaka akakohoa.
"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiguse tena."

Alipolala nikaandika sifuri kwenye Z.
Sijui kwa nini.
Bati, linta, dirisha, mlango, vyote vikalala chini,
havina kimo, havina kivuli,
kama nilivyoviona saa nne asubuhi ile
greda likirudi kinyumenyume.
Ukishazidisha kwa sifuri
hakuna namba itakayokurudishia urefu.
Nilijaribu kumi. Nilijaribu elfu.
Karatasi.

Iko njia ya kurudi hatua moja moja nyuma,
vidole viwili tu. Sikubonyeza mara moja.
Luku ilipoanza kulia nikabonyeza,
zikapanda kuta, likapanda tangi,
nikahifadhi mafaili mawili,
moja kwa kipimo cha Baba, moja kwa cha Mama,
umeme ukakatika kabla sijayapa majina.